Parkinson na vipimo vya oksidesheni: damu inajua nini kuhusu ubongo?

Kila nikigusa Parkinson humu lazima atokee mtu inbox na swali lile lile, eti kuna kipimo cha damu au mkojo kinachoonyesha radikali huru zako (molekuli korofi zinazoharibu seli, na uharibifu huo ndo oksidesheni) zikoje, je ampeleke mzee wake akapime? Akitoka huyo anaingia wa pili na picha ya kopo la vidonge, antioksidanti (kizuia oksidesheni) sijui ya nini, imeandikwa inalinda ubongo, anunue au asinunue. Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, bora niandike yote hapa kwa mkupuo. Ni ndefu, mwenye haraka aruke. Kwa wageni wa humu, mi ni mtu wa maabara, hivi vipimo nimevishika kwa mikono yangu, kwa hiyo kuna mahali nitazama mpaka kwenye pipeti na mirija, mtanivumilia.

Jibu la haraka ni hapana, na la pili nalo hapana. Ila hiyo hapana ina kisa nyuma yake, na kisa chenyewe kitamu kweli, kwa sababu oksidesheni kwenye Parkinson sio uzushi wa wauza vidonge. Ipo. Imeonekana na imepimwa kwenye ubongo wenyewe. Shida inaanza pale unapotoka kwenye ubongo na kuja kuitafuta kwenye damu.

Basi tuanzie ndani. Ugonjwa huu (umebeba jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeuelezea mwaka 1817) unagusa sehemu nyingi za mwili, lakini kule kutetemeka, kukakamaa na kuburuza miguu kunatokana hasa na kufa kwa seli za neva za sabstanshia naigra, kaeneo kadogo cheusi kwenye shina la ubongo ambako dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuendesha mwendo wa mwili, inatengenezwa. Ule weusi ni neuromelanini, rangi inayojirundika humo kadiri mtu anavyozeeka, na ndani yake imeshikilia chuma, chuma hiki hiki cha damu.

Sasa tazama mazingira zinakoishi hizo seli. Dopamini yenyewe ni kemikali korofi: ikivunjwa na enzaimu inayoitwa MAO inaacha haidrojeni peroksaidi, na ikizagaa nje ya vifuko vyake inajioksidisha yenyewe ikageuka kwinoni zinazoganda kwenye protini na kuziharibu. Hapo hapo kuna chuma, na chuma kikikutana na peroksaidi inazaliwa radikali ya haidroksili ambayo haina muda wa kusafiri, inamng'ata jirani wa kwanza anayepatikana, awe mafuta ya utando wa seli au DNA. Halafu hizi seli hazilali, zinapiga zenyewe kwa zenyewe, kila mpigo unaingiza kalisi ambayo lazima isukumwe nje kwa nguvu, na seli moja tu inatandaza matawi yenye maunganisho yanayoweza kupita milioni. Nguvu zote hizo zitoke kwenye mitokondria, vile vinu vya nguvu ndani ya seli, na mitokondria ikifanya kazi hivyo lazima ivujishe radikali kidogo kidogo. Ubongo mzima ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni, na nadhani hizi seli ndo miongoni mwa walaji wakubwa humo ndani.

Kwamba mitokondria ikiguswa mtu anapata kitu kinachofanana na Parkinson, hilo lilijulikana kwa njia ya ajabu. Mwaka 1982 huko California vijana waliokuwa wanajidunga heroini ya bandia walianza kufika hospitali wameganda, hawasogei, hawaongei, kama wazee wenye Parkinson ya miaka mingi, na William Langston na wenzake wakafuatilia mpaka wakapata uchafu uliokuwa kwenye ile dawa, MPTP. Ikiingia kwenye ubongo, enzaimu ya MAO-B inaigeuza kuwa MPP+, hiyo MPP+ inabebwa na seli za dopamini kwa mlango ule ule wa dopamini, na ikifika kwenye mitokondria inaziba kompleksi ya kwanza, yaani mlango wa kwanza wa mnyororo wa kutengeneza nguvu. Nguvu zinakatika, radikali zinafurika. Mwisho wa miaka ya themanini watafiti wakapima ubongo wa watu waliokufa na Parkinson ya kawaida kabisa, wasiowahi kugusa heroini, wakakuta hiyo hiyo kompleksi ya kwanza kwenye sabstanshia naigra imelegea.

Na ushahidi ukaendelea kumiminika. Glutathioni, ambayo ndo mlinzi mkuu wa seli dhidi ya peroksaidi, ilikutwa imepungua karibu asilimia 40 kwenye eneo hilo. Chuma kimepanda. HNE, ambayo ni mabaki ya mafuta yaliyooksidishwa, mwaka 1996 ilionekana imeganda kwenye protini za asilimia 58 ya seli za naigra za wagonjwa, kwa wasio wagonjwa ilikuwa asilimia 9. Alama ya DNA iliyoungua, 8-OHdG, nayo juu.

Hapo msomaji makini atauliza, sasa utajuaje kama hiyo ni sababu au ni matokeo? Maana seli inayokufa kwa sababu yoyote ile itaoksidika tu ikiwa njiani kufa. Swali zuri, na halijaisha mpaka leo. Ila kuna kitu kimoja kinachonifanya niegemee upande wa sababu, au angalau upande wa mapema. Kuna watu wanakufa kwa mambo mengine, hawajawahi kutetemeka, ukifungua ubongo unakuta miili ya Lewy, yale mabonge ya protini ya Parkinson, imeshaanza. Kwa hao mwaka 1994 walikuta glutathioni tayari imeshuka kwa karibu theluthi wakati chuma bado kiko kawaida. Yaani ulinzi unaanza kuondoka kabla mtu hajajua kama anaumwa. Hiyo kwangu ni kubwa kuliko matangazo yote ya vidonge.

Kwa hiyo watu wakasema vizuri, kama iko mapema basi tuitafute kwenye damu tumkamate mgonjwa kabla. Na hapo ndo mambo yalipoharibika.

Fikiria ukubwa wa hilo eneo. Seli za dopamini za naigra ni laki chache tu kila upande, kwenye mwili wenye matrilioni ya seli, na ini, misuli, mapafu, utumbo vyote vinatema mabaki yao ya oksidesheni kwenye damu ile ile moja. Kutafuta uharibifu wa naigra kwenye damu ya mkononi ni sawa na kusimama barabarani ukinusa hewa ya mtaa mzima ili ujue ni jiko la nani limeunguza maharage. Harufu ya moshi utaipata, hiyo sikatai.

Na hata hiyo harufu yenyewe inategemea pua. Chukua MDA, nayo ni mabaki ya mafuta yaliyooksidishwa, kipimo kilichotumika zaidi kuliko vyote kwa sababu ni rahisi na hakihitaji mashine kubwa. Unachukua plazma, yaani maji ya damu bila chembe, unachanganya na asidi ya thiobabituriki, unaweka kwenye maji ya moto yanayokaribia kuchemka kwa muda kama saa moja, unapoza, na kama kuna MDA inatokea rangi ya pinki, pinki nzuri tu, unaisoma kwenye mashine kwenye nanomita 532. Nimezipanga hizo pleti, visima 96, mtu unajisikia mwanasayansi haswa ukiona ile pinki inavyopanda kutoka kisima kimoja hadi kingine. Tatizo ni kwamba ile asidi sio mwaminifu, inashikana pia na sukari fulani na vitu vingine kibao kwenye damu na kutoa rangi inayokaribiana, halafu joto lenyewe linaoksidisha mafuta yaliyokuwa mazima humo ndani ya mrija, kwa hiyo unapima uharibifu ambao wewe mwenyewe ndo umeusababisha. Ukisahau kuweka kizuia oksidesheni mapema, au sampuli ikakaa nje kwenye meza kabla ya kuingia friza ya nyuzi hasi 80, namba inapanda bila mgonjwa kuhusika. Halafu sasa wewe fikiria, sampuli za wagonjwa zimekusanywa kliniki na zimekaa foleni, sampuli za wazima zimetolewa na wafanyakazi hapo hapo maabara na zimegandishwa moto moto. Utapata tofauti, tena kubwa, na itakuwa tofauti ya foleni.

Ndo maana nikisoma utafiti wa Parkinson na MDA kitu cha kwanza naenda kwenye sehemu ya mbinu, matokeo naacha kwanza.

Waliobobea watakwambia achana na MDA, pima F2-isoprostani kwa mashine ya kupima uzito wa molekuli, ndo kipimo cha uhakika. Ni kweli, tangu kina Morrow na Roberts wa Vanderbilt walipozieleza mwaka 1990, isoprostani zimekuwa ndo rula ya kupimia oksidesheni ya mafuta. Lakini sikiliza hii. Mwaka 2003 walipozipima kwenye sabstanshia naigra yenyewe, sio damu, ubongo, wagonjwa wa Parkinson hawakuwa na isoprostani nyingi kuliko wengine. Kilichokuwa kimepanda ni ndugu zake, isofurani. Sababu yake inavutia: yale mafuta yakianza kuoksidika yana njia mbili, na oksijeni ikiwa nyingi mahali hapo yanapita njia ya isofurani badala ya isoprostani, na seli ambayo mitokondria yake imelegea haitumii oksijeni yake vizuri kwa hiyo oksijeni inabaki imejaa. Yaani rula bora duniani ilikuwa inapima chumba ambacho sicho. Tafiti za damu na mkojo nazo kwa isoprostani ziko hivyo hivyo, wengine wameona tofauti na wengine hawajaona kitu.

Mkojo nao una vituko vyake. 8-OHdG inatoka kwenye mkojo, haichomi mtu sindano, kila mtu anaipenda, na kuna tafiti zilizoona inapanda kadiri ugonjwa unavyosonga mbele. Sawa. Lakini mkojo unaweza kuwa mzito au mwepesi kulingana na mtu kanywa maji kiasi gani, kwa hiyo namba yako unaigawa kwa kreatinini ili ulinganishe. Kreatinini inatoka kwenye misuli. Mgonjwa wa Parkinson kadiri miaka inavyokwenda anakonda, misuli inapungua, kreatinini inashuka, na ukigawa namba ile ile kwa kitu kilichoshuka jibu linapanda, umemaliza, umepata "oksidesheni imeongezeka kadiri ugonjwa unavyosonga" na kumbe mzee kapungua misuli tu. Sisemi kila utafiti uko hivyo, nasema kama hawajakuonyesha namba za kreatinini peke yake basi waulize. Juu ya hapo vile viboksi vya ELISA vinavyotumia antibodi huwa vinatoa namba kubwa kuliko mashine ya uzito wa molekuli kwa sampuli ile ile, maana antibodi inadaka na wasiohusika.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha DJ-1. Hii ni protini, jini yake ikiharibika mtu anapata Parkinson ya kurithi akiwa kijana, iligundulika mwaka 2003, na kazi yake mojawapo ni kuhisi oksidesheni: ina sisteini moja (kipande kimojawapo cha mnyororo wa protini), ya namba 106, ambayo inaoksidika kabla ya wengine. Kiashiria gani kizuri kama hicho jamani? Wakaipima kwenye maji ya uti wa mgongo. Utafiti wa 2006 ukasema kwa wagonjwa imepanda. Utafiti wa 2010 ukasema imeshuka. Sasa mtu afanyeje? Jibu likapatikana kwenye chembe nyekundu za damu. Chembe nyekundu zimejaa DJ-1, na alfa-sinukleini pia, protini ya miili ya Lewy, sehemu kubwa mno ya ile iliyopo kwenye damu imo humo ndani ya chembe nyekundu. Ukichoma sindano ya mgongo, ukagusa kamshipa kadogo, tone la damu likaingia ambalo hata kwa macho hulioni, tayari DJ-1 yako sio ya ubongo tena. Wale wa 2010 walipima hemoglobini kwenye kila mrija na wakaitoa michafu kwenye hesabu. Hilo tu. Aliyewahi kusimama na sentrifyuji anajua, unatoa mrija unautazama kwenye taa, plazma inatakiwa iwe ya manjano, ukiiona ina wekundu wowote ujue chembe zimepasuka na nusu ya vipimo vya oksidesheni vimekwenda na maji. Ila mrija huo mtu ameuhangaikia, mgonjwa kachomwa mara mbili kuupata, nani ana roho ya kuumwaga?

Baadaye kuna waliogeuza hiyo shida ikawa faida, wakasema kama chembe nyekundu zimejaa DJ-1 basi tuzipime zenyewe, tuangalie ngapi imeoksidika, na mwaka 2009 wakaona iko juu kwa wagonjwa ambao bado hawajaanza dawa. Hiyo "bado hawajaanza dawa" ni muhimu kuliko inavyosikika. Mgonjwa wa miaka kumi anakula tofauti, anatembea kidogo, anameza levodopa, dawa kuu ya Parkinson inayogeuka dopamini, mara kadhaa kwa siku, na kila kimoja hapo kinaweza kusogeza hizi namba peke yake.

Na kabla sijasahau, sigara. Mvutaji ana isoprostani juu, hilo halina ubishi, oksidesheni ya mwili mzima. Na mvutaji huyo huyo, kwa tafiti za idadi ya watu za miaka mingi, ana uwezekano mdogo wa kupata Parkinson. Msiende kuanza kuvuta sasa, saratani ya mapafu haitanii. Lakini kama namba ya damu peke yake ingekuwa inatabiri ugonjwa basi wavutaji wangekuwa mstari wa mbele.

Ukikusanya tafiti zote ukazijumlisha, picha ya jumla inatoka: kwa wastani wagonjwa wana 8-OHdG na MDA juu kidogo, glutathioni na katalesi na asidi ya yuriki chini kidogo. Neno la kuangalia hapo ni wastani. Ukichora namba za wagonjwa na za wazima kwenye karatasi moja yale mawingu mawili yanapandiana karibu yote, kwa hiyo ukiniletea namba ya mtu mmoja, ya mzee wako, siwezi kukwambia yuko wingu gani. Na ndo maana jibu la kwanza lilikuwa hapana.

Asidi ya yuriki inastahili aya yake. Hii watu wanaijua kwa ubaya, jongo na mawe ya figo, lakini ndiyo antioksidanti kubwa kwenye plazma ya binadamu, sisi tulishapoteza enzaimu ya kuivunja zamani sana kwenye ukoo wetu. Kuanzia mwaka 1996, utafiti wa moyo wa Honolulu ulionyesha wanaume wenye yuriki ya juu walikuwa na Parkinson kidogo, wengine wakarudia wakaona hivyo hivyo, halafu hata kwa walioshaugua, wenye yuriki ya juu ugonjwa ulienda taratibu zaidi. Yaani kila kitu kinakaa vizuri: kiashiria rahisi, kinapimwa kila maabara, kina maana kibayolojia, kinatabiri mwendo. Wakasema basi tuipandishe. Wakatumia inosini, ambayo mwilini inageuka yuriki, utafiti ukaitwa SURE-PD3, watu 298 wenye yuriki ya chini. Yuriki ilipanda kweli, kama walivyopanga. Mwaka 2018 wakausimamisha kabla ya muda kwa sababu ilikuwa wazi hausaidii, ugonjwa uliendelea vile vile, na waliopewa inosini walipata mawe ya figo zaidi.

Wengi walisikitika. Mi nauheshimu sana ule utafiti kwa sababu ulishindwa kwa adabu: walipima kama dawa imefika walikotaka, ikafika, na bado jibu likawa hapana, kwa hiyo tumejifunza kitu, kwamba yuriki ilikuwa inaenda sambamba na jambo jingine bila kuliendesha yenyewe. Linganisha na za zamani. DATATOP, mwisho wa miaka ya themanini, watu 800, waligawiwa selejilini, vitamini E yuniti 2,000 kwa siku, vyote viwili, au plasibo, yaani kidonge kisicho na dawa. Vitamini E haikufanya lolote. Selejilini ilichelewesha haja ya kuanza levodopa na watu wakashangilia, lakini ile dawa inazuia MAO-B kwa hiyo dopamini inadumu zaidi na mtu anajisikia nafuu, huwezi kusema umepunguza peroksaidi au umeongeza dopamini, vyote vinatoka kwenye kitendo kile kile. Baadaye ilithibitika kwamba vitamini E iliingia hadi kwenye maji ya uti wa mgongo, vizuri, lakini je iliushusha uharibifu wenyewe? Jibu hilo ile DATATOP haikutupa. Koenzaimu Q10, wagonjwa 600, dozi hadi miligramu 2,400 kwa siku, ikasimamishwa mwaka 2011. MitoQ, ile iliyotengenezwa makusudi iende kwenye mitokondria, wagonjwa 128, hakuna tofauti.

Halafu ikaja ya chuma. Mantiki ilikuwa safi: chuma kimezidi kwenye naigra, chuma kinazalisha radikali, basi tukitoe. Deferiproni ni dawa ya kutoa chuma. Utafiti wa FAIRPARK-II, wagonjwa 372 wapya ambao hawajawahi kutumia levodopa, wiki 36, matokeo yakatoka mwaka 2022. Picha za MRI zikaonyesha chuma kwenye eneo lile kimepungua kweli. Na wagonjwa wakawa wabaya zaidi, alama zao kwenye kipimo cha dalili zilipanda kwa 15.6 wakati wa plasibo zilipanda 6.3, na kwenye kipimo hicho kupanda ni kuzidiwa. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba enzaimu inayotengeneza dopamini yenyewe inahitaji chuma, na hawa hawakuwa na levodopa ya kuziba pengo. Mi ile karatasi niliisoma nikaiweka chini nikatoka nje kidogo. Maana kiashiria kilisogea upande uliotakiwa kabisa na binadamu wakaenda upande mwingine.

Sasa je hivi vipimo havina kazi? Vina kazi, ila sio ile inayouzwa. Kazi ya kusema huyu ana ugonjwa au hana imeshachukuliwa na mwingine: kipimo cha kukuza mbegu za alfa-sinukleini kwenye maji ya uti wa mgongo. Mwaka 2023 mradi wa PPMI wa taasisi ya Michael J. Fox ulitoa matokeo ya watu 1,123, kikawadaka wagonjwa asilimia 87.7 na kuwaacha wazima vizuri kwa asilimia 96.3. Hakuna kipimo cha oksidesheni kinachosogelea hapo. Lakini hicho kimezoea kujibu ndiyo au hapana, hakikwambii ugonjwa utaenda kasi gani wala umetokea mlango gani. Na kuna watu kinawakosa. Wenye parkin iliyoharibika, jini iliyopatikana mwaka 1998, ambayo pamoja na jini nyingine, PINK1, inafanya kazi ya kuondoa mitokondria mbovu, mara nyingi hata miili ya Lewy hawana. Kwao ugonjwa ni wa mitokondria moja kwa moja. Kama kuna mahali ambapo kiashiria cha oksidesheni kingeweza kusema kitu ni hapo, kwa kikundi kidogo kinachojulikana, badala ya kuchanganya Parkinson zote kwenye ndoo moja na kutafuta wastani.

Nikipewa mimi hela za utafiti ningefanya hivi: watu wale wale, wapya, bila dawa kwa kuanzia, damu na maji ya uti wa mgongo kwa siku moja, wanarudi tena na tena kwa miaka, isofurani na DJ-1 iliyooksidika kwa mashine ya uzito wa molekuli, hemoglobini imeandikwa kwenye kila mrija, na wazima wanakaa foleni ile ile ya kliniki na wagonjwa. Namlinganisha mtu na yeye mwenyewe wa mwaka jana. Hayo ya kumlinganisha na jirani yake nawaachia wengine. Na dawa yoyote ya antioksidanti isiingie kwenye utafiti mkubwa mpaka kwanza imeonyesha kwa watu wachache kwamba inashusha uharibifu huo, dozi gani na kwa muda gani.

Wenye kopo tayari nyumbani, hebu tumalizane. Msiache wala kuongeza dozi kwa sababu ya blogu, ila mwambieni daktari mnachomeza, chote, hata kile "cha asili", maana vitamini E ya dozi kubwa inaweza kuongeza kuvuja damu hasa kwa anayetumia wafarini. Na kama mzee anameza vidonge vya kuongeza damu vyenye chuma pamoja na levodopa kwa wakati mmoja, vile vya chuma vinaishika levodopa tumboni na nyingine haiingii mwilini, kwa hiyo ulizeni namna ya kuvipishanisha masaa. Hilo halihitaji kipimo chochote na linaweza kumsaidia wiki hii hii.